Jina la Nesi wa Makina

Mjukuu wangu anasomea unesi. Jana hapa Gatina alikuwa ananiosha kidonda cha mguu kwa ayodini, huku akinieleza habari za manesi walioandikwa kwenye jiwe la kumbukumbu ya vita.

"Shosho, kwani kule Makina ulikozaliwa hakukuwa na hata mmoja?"

Ile harufu ya ayodini ilinirudisha Makina.

Nilikuwa mdogo, nimeanguka, na nyanya yangu alikuwa ananipaka dawa hiyo hiyo kwenye goti, tumekaa mlangoni. Akaja bwana wa ofisi, amevaa kofia, anakusanya majina ya wanawake waliouguza askari vitani. Majirani walikuwa wamemwonyesha mlango wetu. Wao walimjua kama Nesi tu, basi.

"Hilo jiwe ni la wafu ama la walio hai?" nyanya akauliza.

"La wote, mama."

"Basi niache. Mtu hachongwi kwa jiwe akiwa bado anakula ugali."

Yule bwana akacheka, akaniinamia mimi. "Wewe mrembo, nyanya yako anaitwa nani?"

Nililijua jina. Na mtoto akiulizwa na mkubwa hujibu, nyanya mwenyewe ndiye aliyenifunza hivyo. Nikafungua mdomo. Hapo nyanya akakandamiza pamba kwenye goti kwa nguvu, nikalia mpaka bwana akachoka kungoja, akaenda zake.

Nyanya akanifunga kitambaa polepole. Nilidhani nitachapwa.

"Umelia vizuri," akasema. "Siku nikishazikwa, atakayeuliza mwambie. Umtajie majina yote mawili, langu na la baba yangu."

Jana nikamtajia mjukuu wangu yote mawili.