Bibi Aliyekataa Kuitwa Jaribio

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya kliniki moja hapa Moshi. Mbele yangu alisimama bibi kutoka Masama, kadi ya presha mkononi.

"Shikamoo bibi," dada wa mapokezi akamwamkia.

"Marahaba mjukuu wangu. Mama hajambo?"

"Hajambo." Akabonyeza kompyuta, akakunja uso. "Bibi, jina lako halipo. Humu unaitwa Jaribio la Saba."

Akaeleza kwamba fundi wa kompyuta ameweka programu ya kuandaa data za majaribio. Inanakili taarifa za wagonjwa na kuficha majina kwenye nakala, ili wanaojaribu mfumo wasijue nani anaumwa nini. Fundi alikosea kuipanga, ikaficha majina kwenye kumbukumbu zenyewe.

"Wao wasinijue, sawa. Wewe je? Si kihamba chetu cha migomba na chenu vinapakana?"

"Mimi nakujua bibi. Mfumo ndio haukujui."

"Basi niandike kwa kalamu. Vidonge vimeniishia jana."

"Hairuhusiwi."

Jamani! Usiri gani huu wa kumficha mgonjwa hata kwa daktari wake? Zamu yangu dirishani ilipofika, nikaambiwa mimi ni Jaribio la Arobaini. Nikaenda kukaa kando ya bibi, nimevimba kwa hasira, nikiapa kwamba upuuzi huu lazima niuandike.

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Jaribio la Saba!"

Bibi akaifunga kadi kwenye pindo la khanga, akatazama ukuta. "Huyo hajaja," akasema.

"Haya, Jaribio la Arobaini!"

"Nipo!" nikaitika, nikainuka mbio.