Kitabu cha Watu wa Chupa

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye njia ya miwa kule Ramisi, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, na sikuwa nimekunywa kitu ila chai ya rangi.

Mdogo wangu Bakari alikuwa mgonjwa nyumbani kwetu Msambweni. Kifua kilimbana, akawa anavuta pumzi kwa taabu, anasita, ndipo anavuta nyingine. Hospitali walikuwa wamefanya yao, na mama amesoma dua hadi sauti imemkauka. Siku moja redio ya jirani ikataja watu wanaorushwa angani na chombo. Bakari akafumbua macho, akaniuliza kama nakikumbuka kitabu chetu cha watu wa chupa.

Nisingekikumbuka vipi? Baba alikuwa mpishi wa Wazungu huko Diani, na watoto wa nyumba ile walipokichoka akatuletea sisi. Kilikuwa cha Kiingereza. Sisi hatukujua hata neno, tukawa tunasoma picha: watu waliovaa vioo vya mviringo kichwani, wamepanda chombo, wametua kwenye nchi ya udongo mwekundu. Kwa macho yetu vile vioo vilikuwa chupa, basi na kitabu kikapata jina. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka. Picha tuliyoishia ni ya mtoto aliyesahauliwa kule, kiganja amekibandika kwenye kioo chake, na chombo kinaondoka. Bakari alikuwa akimlilia yule mtoto kama anamjua. Kitabu chenyewe kilikuja kupotea, wala sikumbuki kilipoteaje.

"Kaka," akaniambia, "yule mtoto alirudi?"

Nikamwambia alirudi. Akageukia ukutani. Bakari anaijua sauti yangu ya uongo tangu utotoni. Basi nikamwahidi kwamba nitakitafuta kitabu nimletee jibu la kweli, na niamini, siku ile niliona uhai wake umening'inia kwenye ahadi hiyo.

Nilikwenda Diani, nikakuta nyumba imeuzwa na wenyewe wamerudi kwao. Nikauliza wapishi, nikauliza wenye maduka Ukunda, nikauliza walimu. Kila mahali nilisema neno lilelile: natafuta kitabu cha watu wa chupa. Sasa wewe mtu wa pwani, ukisikia hivyo unafahamu nini? Si majini waliofungiwa kwenye chupa? Watu wakaanza kuninong'oneza. Mzee mmoja alinikaribisha vizuri, akafunga mlango, kisha akaniuliza ni nani ninayetaka kumfungia. Nikamweleza habari za chombo na anga, akawa anatikisa kichwa kwa adabu, kama anayejua kuwa namficha. Nilicheka njia nzima. Kumbe neno langu lilikuwa limeshafika nisikokujua.

Mimi nilikuwa karani kwenye mashamba ya miwa. Siku yaliponipata haya niliomba ruhusa mapema nikamwangalie mgonjwa, nikakata njia katikati ya miwa, jua la utosi. Nikamwona mama mmoja wa makamo amekaa juu ya mzigo wa miwa, kajitanda kanga. Nikampa shikamoo. Hakuitikia.

"Wewe ndiwe unayetafuta watu wa chupa?" akauliza.

Hakusema kitabu. Ningelishika hilo neno pale pale ningekimbia, lakini mtu mwenye mgonjwa nyumbani husikia anachokitaka. Nikasema ndiye mimi. Akatoa kitabu ndani ya kanga. Wallahi kilikuwa chetu! Hata doa la chai alilolimwaga Bakari lilikuwa juu ya jalada. Nikafunua hadi mwisho. Mtoto alikuwa pale pale kwenye udongo mwekundu, na kioo chake kilikuwa na ukungu kwa ndani. Nikapitisha kidole, kikalowa. Ukungu ukafifia, ukasita, ukarudi. Pumzi ile niliijua. Nilikuwa nimekesha nikiisikiliza.

Nikamuuliza kama mtoto huyu atarudi. Sauti ikanitoka kama ya mtu mwingine.

"Atarudi akipata wa kumshikia," akasema. "Utamshikia nduguyo?"

Kwetu mgonjwa hushikiwa kila kitu, kikombe, sahani, hata tasbihi. Na mimi kitabu nilikuwa nacho mkononi. Wewe ungejibu nini?

"Nitamshikia."

Akainuka. "Marahaba," akasema, ile salamu yangu ndipo alipoiitikia. Akaingia ndani ya miwa, na majani yale makavu, ambayo hata panya akipita hulia, hayakulia.

Nilifika Msambweni nikitweta. Bakari alikuwa amekaa kitako anakunywa uji, na mama pembeni analia kwa furaha. Nikapiga magoti, nikamwambia yule mtoto amerudi.

"Mtoto gani, kaka?" akaniuliza.

Hakukumbuka kitabu, wala chupa, wala swali lake. Na sauti yake nilipoisikia, ilinifikia kwa mbali, kana kwamba baina yetu pamewekwa kioo. Nikadhani ni uchovu. Hali hiyo haijaondoka mpaka leo. Adhana naisikia hivyo, mvua hivyo, hata wanangu wakiniita. Asubuhi nikiamka nakuta ukungu mbele ya macho, nafuta uso na mkono unalowa. Kitabu nimekifungia kwenye kasha. Sijaufungua tena ukurasa ule wa mwisho, kwa sababu naogopa nitakayemkuta amesimama pale.

Basi nakuomba, asiyejulikana akikuuliza kama utamshikia mtu wako, usiitike kwa haraka eti kwa kuwa unampenda. Muulize kwanza unachoshika ni kitu chake, au ni nafasi yake. Na usiniulize kama najuta. Bakari huja kila Ijumaa baada ya sala, hukaa karibu yangu akaongea sana, nami humtazama midomo.