Ningu wa Maji ya Kwanza

Kwaru, kwaru, kwaru. Kama mtu anaburuta mkeka juu ya mchanga, tena hana haraka. Ndivyo maji ya kwanza yalivyokuja mtoni, yakisukuma mbele yake majani makavu, vijiti na povu la rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nimesimama ukingoni, nyuma ya nyumba ya shangazi, upande wa Magu. Nikapiga makofi peke yangu. Maji hayo ndiyo yaliyonitoa Mwanza.

Dada yangu alikuwa amejifungua. Alikuwa kwa mama, Igogo, na maziwa hayakutosha. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, anarudi tena. Nesi alisema dada anywe vitu vya majimaji na asiache kumnyonyesha. Mama yeye alisema samaki, tena ningu.

"Sato si wamejaa hapo mwaloni?" nilimuuliza.

"Sato ni kitoweo. Mimi nataka maziwa. Hivyo vichwa vyenu vikubwa vyote vimekuzwa na ningu. Nenda kwa shangazi yako."

Siku hizi ningu hapatikani ovyo. Anaishi ziwani, ila mvua zikianza na mito ikishika maji, anapanda kwenda kutaga, na hapo ndipo watu wanampata, siku chache tu. Nikaenda. Njiani nilishajiona narudi na ndoo imejaa, dada amenawiri, mtoto mashavu kama maandazi. Ndivyo nilivyo, safari haijaanza mimi nimeshafika.

Shangazi hakuwa na nafasi. Ardhi ilikuwa imelowa na kila mtu alikuwa shambani anapanda. Alinishushia mgono uliokuwa umening'inia ukutani jikoni, kikapu kirefu cha fito chenye mdomo mpana, na ndani koo jembamba ambalo samaki akishapita harudi.

"Utauweza?"

"Nauweza, shangazi. Si nilikuwa natega na ninyi wakati wa likizo?"

"Haya, bingwa."

Mtoni kulikuwa na uzio wa miti wenye pengo katikati. Nikautega mgono pengoni, mdomo ukiangalia kule maji yanakotoka. Asubuhi nikakuta majani na chura mmoja. Chura nikamtoa taratibu, nikamwomba radhi. Asubuhi iliyofuata nikakuta matope na kandambili ya mguu wa kushoto.

Mama akapiga simu. "Umepata?"

"Bado, mama."

Nyuma ya sauti yake nilimsikia mtoto analia, kilio kikavu cha aliyechoka kulia. Mama akakata simu.

Jioni hiyo shangazi alipita mtoni akitoka shamba, jembe begani. Akautazama mgono. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Mdomo umeuelekeza wapi?"

"Juu, samaki wanakotoka."

"Nani anatoka juu? Wewe unawangoja wanaorudi, na wenzako hata kwenda hawajaenda!"

Nami ikabidi nicheke. Likizo zangu zilikuwa za mwezi wa sita, maji yanapopungua na ningu wanateremka kurudi ziwani. Mto unaoanza sikuwahi kuuona.

"Geuza upesi," alisema. "Maji yakitulia, watakuwa wamepita."

Tukaugeuza pamoja, maji yakitufika mapajani.

Alfajiri mgono ulikuwa mzito, nikamwita shangazi anisaidie kuutoa. Walikuwa ningu kweli, wanene, na midomo yao laini kama ya mtu anayetaka kubusu. Mmoja tumbo lilikuwa limejaa mayai. Shangazi akaniangalia ninavyomwangalia.

"Huyo mwachie, usije ukanililia hapa."

Nikamwachia upande wa juu wa uzio, akaondoka bila kugeuka. Waliobaki shangazi akawabanika kidogo kwa moshi wasiharibike njiani, nami nikapanda basi la kwanza.

Mama aliwapika mchuzi mwepesi, nyanya na ndimu tu. Dada akanywa huku jasho linamtoka.

"Ana ladha ya matope."

"Kunywa."

"Mama, nakunywa."

Usiku huo mtoto alilia kama kawaida. Kesho yake mchana, baada ya bakuli lingine, alishika ziwa na hakuachia. Nilimsikia anameza. Akalala, tone jeupe likabaki kidevuni. Sijui kama ni ningu, au ni wingi wa mchuzi, au ni kwa sababu dada naye alikuwa amelala kidogo. Mama yeye hakuwa na shaka, ni ningu.

Wote watatu walisinzia. Nikaenda jikoni. Sufuriani kulikuwa na ningu mmoja, na ningu ana miiba mingi, myembamba kama nywele. Nikanawa mikono, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kuitoa kwa vidole, ili dada akiamka aweze kula kwa mkono mmoja.