Matangazo Sita, Kilio Kimoja

Mimi ni mtu wa majivuno, nianze na hilo. Kazi yangu hapa Kolwezi ni kutengeneza tème za tovuti, yaani sura yake yote: kichwa, rangi, mahali pa picha, mahali pa maandishi. Siku hizi tème inajengwa kwa bloku, kipande kwa kipande, na hata mtu asiyejua kodi, lugha ya kompyuta, anaweza kubadilisha ukurasa kwa simu yake. Wiki ile nilikuwa nimemaliza tème mpya ya redio moja ndogo ya hapa mjini, upande wa Manika, na nilitembea kifua mbele kama mtu aliyejenga kanisa.

Watu wanaingia kwenye tovuti ile kwa sababu moja tu: matangazo ya vifo. Nani amefariki, kilio kiko wapi, wanazika saa ngapi. Mwenye kuyaandika ni sekretere wa redio, mama wa miaka hamsini na kitu, aliyepiga masini ya kuandika miaka mingi katika ofisi ya mgodi kabla ya kuja pale. Mimi nilimwonea huruma, eti mama wa zamani, nitamrahisishia kazi. Nikamtengenezea kadre nyeusi nzuri, kisanduku cha kuandika mahali pa kilio. "Mama, unagusa hapa tu, unaandika, kwisha."

Alhamisi asubuhi dereva mmoja wa lori akaingia redio bila hodi, macho mekundu. Alikuwa amefiwa na mama yake, na maziko yalikuwa siku ile ile saa tisa. Dada yake mkubwa alikuwa njiani kutoka upande wa Musumba, siku ya nne barabarani, na simu yake ilikuwa imezima tangu jana. Mesaji yake ya mwisho ilisema ameona tangazo, anakuja moja kwa moja Kasulo, mtaa mwingine wa Kolwezi.

"Kasulo ya nini?" dereva akapiga kelele. "Kilio iko hapa Manika, ku nyumba yangu! Mama alihama Kasulo tangu batu balianza kuchimba madini mpaka chini ya banyumba. Yaya, ule dada mukubwa, hajue ile. Miaka nane hajamuona mama. Akikuta tumeisha kuzika, mi nitamuambia nini?"

Nikafungua tovuti. Kweli, Kasulo. Nikafungua tangazo la pili: Kasulo. La tatu, la nne, yote sita: Kasulo, avenue moja, nyumba moja.

Nikaingia kwenye mafaili ya tème na hasira zangu. Nikafuta kashe, kumbukumbu ya muda ya tovuti. Nikazima programu ndogo zote za tovuti, moja moja. Nikabadilisha mstari huu, nikarudisha ule. Wapi! Kasulo imekaa pale pale inaniangalia. Nikalaumu konekisho ya intaneti. Moyoni nikamlaumu na sekretere mwenyewe, eti vidole vyake vimegusa kitu ambacho havikutakiwa kugusa.

Yeye akavuta kiti, akachukua simu yake, akaandika herufi x moja katika kadre ya tangazo moja. Akafungua tangazo lingine. X iko. Akafungua lingine tena. X iko.

"Mutoto yangu," akaniambia polepole, "mu masini, kama alama moja inatoka ku kila karatasi, karatasi haina kosa. Kosa iko ku masini. Hii kadre iko moja tu. Weye unaionyesha mara sita."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ndivyo ilivyokuwa kabisa. Nilikuwa nimeihifadhi kadre ile kama bloku ya pamoja, ile ambayo ukiibadilisha mahali pamoja inabadilika kila mahali. Inafaa kwa namba ya simu ya redio. Kwa mahali pa kilio ni ujinga mtupu. Kila mara alipoandika tangazo jipya, mahali pa wafu wengine wote palifutika bila yeye kujua, na la mwisho lilikuwa la Kasulo. Mimi na diploma yangu nilihangaika nusu saa nzima. Yeye alitumia herufi moja.

Nikaitenganisha kadre katika kila tangazo. Yeye akafungua kaye yake, daftari ambamo anaandika kila tangazo kwa mkono kabla ya kuliingiza kwenye simu, akanisomea mahali pa kweli pa kila mmoja. Dakika kumi. Nikaruka juu: "Imekwisha!"

"Imekwisha ku ordinatere," akasema, akionyesha kompyuta yangu. "Na ule dada yake mwenye iko mu njia?"

Akafunga kikwembe chake kiunoni vizuri.

"Kwetu, mutu akifika ku kilio, haulizake kitu. Analia tangu ku mulango, banamupokea, anaikala. Hakuna mwenye anamuuliza ule anamulilia ni nani. Ule mama ataikala kule mpaka saa kumi, analilia mutu wa bengine. Twende."

Dereva akarudi kwake kuzuia maziko kadiri atakavyoweza, na sisi tukachukua moto mbili, zile pikipiki za kubeba watu, hadi Kasulo. Pale kwenye kilio cha lile tangazo la mwisho, sekretere alikwenda moja kwa moja mbele ya mjane, akapiga magoti, akaeleza kila kitu. Alisema, "Kosa ni ya redio." Hakusema ya huyu kijana. Ya redio! Nikasema, "Mama, kosa ni yangu," na sauti ikatoka ndogo kuliko nilivyotaka. Mjane akatuonyesha mkeka karibu na mlango.

Tukakaa. Mara mbili sekretere alisimama kumfuata mtu aliyeingia akilia. Alimwacha alie kidogo, kisha akamnong'oneza, na mtu akaondoka kwenda kwenye kilio chake. Sijaona adabu kama ile. Mimi ningewasimamisha mlangoni kama askari wa barabarani.

Saa nane na nusu akaingia mwanamke mwenye vumbi hadi kwenye kope, mzigo bado kichwani. Akaanguka chini. "Mama weee! Mama, ungeningoja!" Wanawake wa pale wakamshika, wakalia naye, mjane mwenyewe akimfuta vumbi usoni. Nikataka kusimama, sekretere akanikamata mkono. Akangoja. Kisha akasogea kwa magoti, akamwinamia.

"Mama, mama yako iko Manika, ku nyumba ya ndugu yako. Bado habajamuzika. Tunakupeleka sasa hivi."

Yule mwanamke akamwangalia, akaangalia na wanawake waliomshika. "Sasa mi niko nalilia nani?"

"Bwana yangu," mjane akajibu. "Aksanti, mama. Sasa enda ulilie wako."

Tulifika Manika saa tisa imepita. Gari la maziko lilikuwa limeshawashwa, na dereva wetu wa lori alikuwa amesimama mbele yake, mikono ameitandaza, akigombana na wajomba zake. Alipomwona dada yake juu ya moto, akakaa chini barabarani. Wakashusha sanduku. Wakalifungua. Dada hakulia tena. Machozi yake yalikuwa yamekwisha kwa bwana wa mwingine. Alimshika mama yake shavu tu, akamwambia, "Mama, nimefika."