Albizia ya Beni na Albizia ya Mlimani

Diploma yangu ya misitu nilijilipia mwenyewe, kwa kuuza viatu mitaani Kampala. Niliporudi Butembo hakuna aliyekuwa anajua miti kunishinda, na sioni haya kuandika hivyo.

Wakati huo shangazi yangu, mjane, alikuwa amepanda kahawa kwenye mteremko juu ya mji. Ndiyo tegemeo lake lote, na jua lilikuwa linaichoma. Akaniomba miti ya kivuli. Nikashuka Beni, nikarudi na pikipiki mbili zilizojaa miche ya Albizia.

Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, majirani walikuja na majembe yao. Shangazi akashika mche mmoja, akaligeuza jani lake, akaniambia kwa jina la upendo:

« Papa, hii iko na majani makubwa tena machache. Ile ya huku kwetu iko na majani mingi, madogo-madogo. »

« Tante, yote ni Albizia. »

« Eh! Mbuzi na kondoo nayo yote inakula majani. »

Watu wakacheka. Nikawaeleza kwamba grandibracteata ya Beni na gummifera ya mlimani ni ndugu: zote ni za ukoo wa maharage, maganda yanafanana, zote zinalisha udongo. Nilisema kweli. Ambacho sikusema, kwa sababu miche ilikwisha kufika, ni kwamba ya Beni hupenda joto, na gummifera ndiyo inayovumilia baridi ya juu.

Shangazi akanipa upande wa barabarani, ambapo kila mpita njia angeona kazi yangu. Upande wa pili akapanda miche aliyoing'oa chini ya Albizia kubwa nyuma ya kanisa.

Mwaka wa tatu, miti yake ilikuwa imetandaza matawi na kahawa chini yake ilikuwa imezaa. Miti yangu ilinifika kiunoni. Kahawa ya upande ule ilikuwa imekauka nusu.

Jirani mmoja akasimama kusifu kivuli cha upande wa shangazi.

« Ni kazi ya mutoto wangu, ule wa diploma, » shangazi akamjibu, bila kucheka.

Jirani alipoondoka nikaomba jembe. Tuling'oa safu mbili za kwangu, tukaweka miche ya nyuma ya kanisa. Tulipofika safu ya tatu akanishika mkono.

« Iache hii, papa. Pengine inaanza kuzoea baridi. »