Muuza Spiriti na Mume Wake Muuza Mkaa

Mteja wa kwanza wa leo hajaja kununua. Amekuja kugomba.

"Mama, umeniuzia jiko bovu," anasema kijana mmoja mrefu, akitua juu ya kaunta jiko dogo la bati lenye nafasi ya sufuria moja. "Nimemaliza njiti nusu kiberiti, haliwaki."

Mwenye duka habishi naye. Analichukua jiko, analipeleka barazani mahali jua linapopiga sawasawa, anawasha njiti moja, analisogezea, kisha anarudi nyuma na kufunga mikono.

"Haya, linawaka au haliwaki?"

"Si unaona mwenyewe? Haliwaki."

"Lete mkono. Juu kidogo. Usiguse, mwanangu, wewe karibia tu."

Kijana anashusha kiganja taratibu, mara anakirudisha mbio na kuanza kukipuliza. Watu waliosimama barazani wanaangua kicheko. Mama anachukua kipande cha kadibodi, analikinga jua, na hapo kila mtu anauona: moto wa samawati, umetulia, unazunguka mdomo wa jiko kama shanga.

"Moto wa spiriti ni kama mtu mpole," anamwambia. "Ukiona kimya, usidhani hayupo."

Kwa moto huo, mtaa mzima unamwita Mama Bluu. Anauza ethanoli ya kupikia, ambayo wateja wake huiita spiriti, na majiko yake. Duka lake ni chumba kimoja chenye mashine ya kujazia iliyosimama pembeni, ndoo ya mchanga, blanketi lililoloweshwa maji, na rafu ya makopo ya chuma yanayoingia tumboni mwa jiko.

Upande wa pili wa ukuta kuna ghala la mkaa. Mwanamume mweusi kwa vumbi mpaka viwikoni ametoa kichwa nje, naye anacheka kuliko wote. Huyo ndiye mume wake.

"Watu hutuuliza tunaishije," anasema mume, akijifuta machozi ya kicheko na kujiachia mistari myeupe usoni. "Nawaambia, mchana sisi ni washindani. Jioni tunakula sahani moja."

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Walipooana, Mama Bluu alikuwa mkono wa kulia wa mumewe ghalani. Alipakua magunia, akachekecha vumbi, akapima mkaa kwa madebe, na akiingia nyumbani alikuta jiko la mkaa linamngoja. Kifua kikaanza kumbana. Usiku alikohoa mpaka watoto wakajifunza kulala na kikohozi kama watu waishio karibu na reli wanavyojifunza kulala na treni.

"Nilikuwa nikipiga chafya, leso inakuwa nyeusi," anakumbuka. "Nikaona ni kawaida. Kila niliyemjua alikuwa hivyo hivyo."

Aliyeleta mabadiliko ni wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ambaye ni mfanyakazi wa kiwanda cha ethanoli kilichojengwa ubavuni mwa kiwanda cha sukari. Kazi yake ni kuangalia matangi ya kuchachushia. Alikuja likizo akiwa amebeba jiko la ajabu kwapani na kopo la mafuta mkobani.

Wifi ndiye aliyemweleza spiriti inatoka wapi. Miwa ikishakamuliwa na sukari ikatolewa, hubaki molasi, ule uji mweusi mzito unaonata. Molasi huchanganywa na maji na hamira, ikaachwa ichache ndani ya matangi. Halafu hukenekwa: inachemshwa, mvuke wake unapanda, unapozwa, na kinachodondoka upande wa pili ni ethanoli. Kabla haijatoka kiwandani hutiwa dawa chungu, asije mtu akaigeuza kinywaji.

"Tangi likichacha vizuri," wifi alimwambia, "linanguruma kama tumbo la mtu aliyelala njaa. Nikilisikia hivyo, na mimi natulia."

Mume hakutaka kusikia. Jioni ile ya kwanza aliletewa chai iliyochemshwa kwa jiko jipya, akainusa, akakirudisha kikombe mezani.

"Chai hii inanuka sindano," akasema. "Spiriti ni ya hospitali. Mimi si mgonjwa."

Dada yake kesho yake akamwekea vikombe viwili mbele yake na kumwambia kimoja ni cha mkaa, kimoja cha spiriti, achague. Mume akaonja hiki, akaonja kile, akafumba macho kama jaji, kisha akanywa kimoja mpaka tone la mwisho.

"Hii ndiyo chai," akatangaza. "Hii ina mkaa ndani yake."

"Ndugu yangu," akasema dada mtu, "mkaa leo haujawashwa nyumba hii. Vikombe vyote viwili vimetoka sufuria moja."

Mama Bluu anasimulia kisa hicho huku ameshika mbavu. Mumewe, aliyekuwa anapima debe la mteja, anapaza sauti kutoka upande wake: "Nilionewa! Mashahidi wote walikuwa wanawake!"

Hata hivyo, kuinywa chai ni jambo moja, na kuiona biashara ya spiriti ikifunguliwa ukutani kwako ni jambo jingine. Mama Bluu alipoanza, kwa mashine aliyokopeshwa na msambazaji wa spiriti, mumewe alinuna kwa muda mrefu. Hakumzuia, ila kila alipoulizwa na wateja alisema, "Hiyo ni michezo ya wanawake. Subirini, itapita."

Haikupita. Wapangaji wa vyumba vya ghorofani walimpenda kwa sababu jiko halitoi moshi. Walimu walimpenda kwa sababu linawaka mara moja asubuhi. Kikohozi chake kilimtoka taratibu, na siku moja akashtuka kugundua hakumbuki mara ya mwisho kilipomwamsha.

Kisha kikaja kiangazi cha mwaka juzi.

Fundi cherehani wa mtaa, jirani na mteja wake wa mwanzo kabisa, alikuwa anapika mchana huku nguo za watu zikimngoja mezani. Dirisha lilikuwa wazi na jua lilimwagika juu ya jiko. Aliangalia, hakuona moto. Akadhani mafuta yamekwisha. Badala ya kulizima jiko, kulisubiri lipoe na kulitoa kopo, alichukua kopo la akiba lililojaa akaliinamisha juu ya lile lililokuwa ndani.

Moto haukuwa umezimika. Ulipanda mkondo wa mafuta mpaka kwenye mkono wa gauni lake.

Majirani walimwahi kwa blanketi la maji. Pazia liliungua na nyumba ikasalimika, lakini mkono wake wa kulia, kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko, uliungua vibaya.

"Nililia kwa ajili ya mkono ule kwanza," anasema Mama Bluu, na hapa sauti yake inashuka. "Mkono wa fundi ndio duka lake. Biashara yangu nilikuja kuilia baadaye."

Ya kulilia yalikuwepo. Kabla ya jua kuzama, habari ilikuwa imeota miguu. Wa kwanza alisema jiko limelipuka, wa pili akasema nyumba imeteketea, wa tatu akataja na waliokufa. Watu wakaanza kurudisha majiko. Wengine waliyaacha tu mlangoni bila hata kubisha hodi, yakapangana barazani kama viatu vya msibani.

Alifunga duka. Kila siku alikwenda hospitali kumtazama fundi na kumpelekea chakula. Chakula hicho alikipika kwa mkaa, kwa kuwa mama mzazi wa fundi alisema hataki kitu chochote kilichokaribiana na spiriti kimguse mwanawe.

"Sikumlaumu," anasema. "Ningekuwa mimi ndiye mama, pengine ningesema makali zaidi."

Upande wa pili wa ukuta, mambo yalikuwa kinyume. Magunia ya mkaa yalikwisha kabla ya adhuhuri. Mteja mmoja alimpiga mume begani akamwambia, "Mungu amekujibu, kaka. Mchezo umepita."

Mume anaikumbuka siku hiyo vizuri.

"Niliuza kuliko siku zote za maisha yangu," anasema. "Nikarudi nyumbani, nikamkuta mama watoto amekaa jikoni gizani, hajawasha chochote. Hakulia. Afadhali angelia. Nikamwita, akaitika kama mtu aliye mbali sana. Nikajiambia, kama hii ndiyo dua iliyojibiwa, basi mimi sikuiomba."

Aliketi kando yake, kisha akasema neno ambalo mkewe hakulitegemea.

"Nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Hilo jiko lako. Linavyowashwa, linavyozimwa, kinachotakiwa na kisichotakiwa. Nifundishe mpaka nijue."

"Nilidhani ananidhihaki," anasema Mama Bluu. "Nikamwambia, baba watoto, leo sina nguvu ya utani. Akaniambia, hata mimi sina."

Asubuhi yake, watu wa mtaa waliona kioja. Muuza mkaa, amevaa shati safi, anapita nyumba kwa nyumba na jiko la spiriti kwapani, mkewe nyuma yake.

Maneno yake kwenye kila mlango yalikuwa yale yale, na mkewe anaweza kuyasema kwa kuigiza mpaka mkwaruzo wa sauti yake: "Jirani, mimi ni muuza mkaa. Nikikwambia jiko hili ni baya, usinisadiki, nina njaa yangu. Lakini nikikwambia ni zuri, niambie wewe nani amenihonga."

Watu walicheka, na aliyecheka huwa ameshafungua mlango. Mama Bluu akaingia na somo: zima, subiri lipoe, toa kopo, lilete dukani lijazwe. Usijaze nyumbani. Usimimine juu ya jiko hata kama unaapa limezimika. Tangu wakati huo hamkabidhi mtu kopo mpaka mtu huyo aonyeshe kwa mikono yake mwenyewe.

Kilichomaliza ubishi ni fundi mwenyewe. Alipotoka hospitali, bendeji bado mkononi, alikuja akaketi kwenye kiti barazani pa duka, mahali pa kuonekana na kila apitaye. Mtu akiuliza, anajibu.

"Jiko halikunichoma," alikuwa akisema. "Haraka ndiyo iliyonichoma."

Leo mkono wake umebaki na kovu lililokunjamana, lakini sindano inatii. Anasema baridi ikizidi vidole hukakamaa, na hapo humwachia cherehani binti yake. "Huyu mama alikaa nami wodini kuliko ndugu zangu," anasema. "Nikimkasirikia, nitamkasirikia kwa lipi?"

Wateja hawakurudi wote. Bibi mmoja wa mtaa wa nyuma ameapa kwamba moto asiouona hauamini, na Mama Bluu humsalimia kwa heshima na kumpitisha ghalani kwa mumewe. Lakini wengi walirudi. Siku nzuri anajaza makopo kama arobaini. Faida ya kila kopo haifiki bei ya mche wa sabuni, ila zikikusanyika ndizo zilizoezeka nyumba yao upya na kumpeleka kitinda mimba wao chuo cha ufundi.

Mume naye bado anauza mkaa, kidogo kuliko zamani, na zaidi kwa wahunzi. "Chuma hakilainiki kwa spiriti," anasema kwa fahari ya mtu aliyebakiwa na hoja moja. Siku msambazaji akichelewa, yeye ndiye anayempigia simu dada yake kiwandani kumuuliza kulikoni, matangi yameacha kunguruma?

Sasa wawili hao wana mpango mpya, na safari hii aliyeuanzisha ni mume. Wamekodi kipande cha shamba jirani na kiwanda cha sukari, na mvua zikianza watapanda miwa. Mama Bluu anasema mumewe hajawahi kushika jembe tangu wamejuana, na kwamba yeye anakwenda kama msimamizi tu.

Mume hajali kuchekwa. Ujanani, kabla ya kuwa na ghala, alikuwa akichoma mkaa mwenyewe porini, na kuna vilima anavyovijua ambavyo leo havina hata kivuli.

"Miti nimeikata ya kutosha," anasema, akikung'uta mikono. "Dada yangu ameniambia muwa ukiukata, shina linachipua tena lenyewe. Nataka kabla sijazeeka nikate kitu, halafu mwaka unaofuata nirudi nikikute kimeota."

Mkewe anaingia dukani kumjazia mteja kopo.

"Atalima," anasema. "Nikimsimamia, atalima."