Ngazi za Matera

Bibi wa Kiitaliano niliyemtunza miaka sita kule Bezuidenhout Valley, Johannesburg, alizaliwa ndani ya pango. Aliniambia hivyo wiki yangu ya kwanza ya kazi, nikiwa namkata kucha, nami nikadhani ni uzee tu unasema. Ilibidi mwanawe anithibitishie kwa simu. Mji wao, Matera, uko kusini mwa Italia, na zamani maskini wa mji huo waliishi ndani ya mwamba, pamoja na nyumbu wao na kuku wao, mpaka serikali ikawahamisha. Bibi alikuwa msichana mdogo wakati huo. Miaka michache baadaye baba yake alipata kazi ya uashi Johannesburg, wakapanda meli wote, na tangu siku hiyo hakuwahi kurudi.

Mimi ni mtu wa Bukavu. Nilikuwa nakaa Troyeville na binti yangu, na kila asubuhi nilitembea kwa miguu mpaka kwa bibi kabla magari hayajaanza kujipanga kwenye robot, zile taa za barabarani. Nilimwamsha, nikamwosha, nikamlisha, nikamhamisha kutoka kitandani hadi kitini na kutoka kitini hadi kitandani. Ni kazi ya mgongo. Jioni nilirudi nyumbani nikiwa sina hata neno la kumwambia binti yangu, na yeye naye alikuwa akinijibu kwa Kiingereza.

Kisha mwaka mmoja bibi akasema anataka kuona kwao kabla hajafa. Mwanawe, anayeishi Cape Town, alisema hawezi kuacha kazi, ila atalipia watu wawili. Mtu wa pili nilikuwa mimi. Sikuulizwa kama nataka. Kanisani walinipongeza kana kwamba nimeolewa, na fundi wetu mmoja wa Lubumbashi akanishonea koti zito kwa nusu ya bei kwa sababu, alisema, sitakwenda kuwaaibisha Wakongo Ulaya. Nilitabasamu. Moyoni nilikuwa nawaza jinsi ya kumpeleka chooni mtu wa miaka themanini na kitu ndani ya ndege.

Nilisafiri kwa hati ya mkimbizi. Ofisa wa uwanja wa ndege aliigeuzageuza, akanisomea kwa sauti sehemu inayosema kwamba naruhusiwa kwenda nchi zote isipokuwa kwetu. Nilimwambia najua. Mama yangu alikufa Bukavu wakati hati hiyo ikiwa kwenye droo ya chumba changu, na ndiyo maana sikumzika.

Tulishukia Bari, mji wa pwani, tukakaa siku mbili ili bibi apumzike. Hakupumzika. Alitaka kuona kila kitu alichosimuliwa na mama yake, kwa kuwa mama yake aliwahi kutembea kwa miguu mpaka Bari kwenda kuhiji. Basi nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu, mji wa kale wote, juu ya mawe yaliyolainishwa na nyayo za watu mpaka yanang'aa, na kila jiwe lilipita kwenye viwiko vyangu. Tuliizunguka ngome kubwa ya wafalme wa zamani. Tulipita kichochoro ambamo akina mama wamekaa milangoni na meza zao, wakikata unga uliokandwa na kuubonyeza kwa kidole gumba, kila kipande kikitoka kama sikio dogo. Bibi aliwasalimu kwa lugha yake. Mmoja alimjibu, kisha akamwuliza jambo ambalo hakulielewa, bibi akabaki anatabasamu kama mgeni.

Ndani ya basilika ya Mtakatifu Nikola kuna kiti cha askofu cha marumaru, cha karne nyingi. Watalii walikuwa wanakipiga picha. Mimi nilitazama chini yake. Kiti kimebebwa na watu waliochongwa, wamejikunja, mabega yamepanda hadi masikioni, na mmoja amefungua mdomo kama anayepiga kelele. Nilikaa kwenye benchi nikamtazama huyo kwa muda mrefu. Huko chini ya kanisa, kwenye kaburi la mtakatifu, bibi alisali na kulia. Mimi niliombea magoti yangu tu.

Siku ya tatu tulikodi gari kwenda Matera. Dereva alikuwa mwanamume mnene mwenye kuongea, na njiani alitusimamisha Alberobello tuone zile nyumba nyeupe za mviringo zenye paa za mawe zilizochongoka kama vilemba. Bibi alisema hao walikuwa matajiri, walikuwa na madirisha.

Mtu haioni Matera mpaka awe amefika ukingoni. Unatembea kwenye uwanja wa kawaida, wenye mikahawa na njiwa, kisha ardhi inakatika, na mbele yako kuna bonde lililojaa nyumba juu ya nyumba, paa la mmoja ni njia ya mwingine, zote rangi ya mkate uliokauka. Juu kabisa kuna kanisa kuu na mnara wake. Chini kabisa kuna korongo, na ng'ambo yake matundu meusi ya mapango ambamo hakuna mtu. Nilidhani naona Bukavu. Kwetu pia nyumba zimening'inia hivyo kwenye miteremko.

Dereva alielekeza kwa kidole. Kuteremka kule ni ngazi tupu, alisema, kiti cha magurudumu hakiendi. Mwanawe bibi hakujua hilo. Au alijua.

Siku ile tuliishia kutazama kutoka juu. Tulishuka kwa lifti kuona bwawa la maji lililochongwa chini ya uwanja... hapana, nasema uongo, lifti haikuwepo. Niliteremka peke yangu huku dereva akimlinda bibi, nikarudi nikamweleza. Nilimwambia kuna ukumbi mkubwa kama kanisa, umechimbwa kwa mikono ndani ya mwamba, na maji yake yametulia. Alisema hakuwahi kuliona. Mama yake alichota maji kwenye kisima cha ua. Halafu, kwenye nyumba ya wageni tulikolala, hakutaka chakula cha jioni, na asubuhi yake hakutaka chai. Aligeuza uso ukutani. Nilimjua akiwa hivyo. Angeweza kukaa siku tatu.

"Mama," nilimwambia, "una kilo ngapi?"

Alisema hajui. Nilijua mimi, nilikuwa nampima kila mwezi. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la mkaa nililobeba nikiwa na miaka kumi na minne. Nikatoa kitenge changu sandukuni, nikainama mbele ya kitanda, nikamwambia anishike shingo. Nikamfunga mgongoni kama mtoto, fundo kifuani, na kitenge cha pili chini ya mapaja. Hakubisha. Alisema tu kwamba watu watatucheka.

Hawakucheka. Walipiga picha. Nilishuka ngazi zile na simu zao zikatufuata, mwanamke mweusi amembeba kizee wa kizungu, na wengine walipiga makofi kana kwamba ni maonyesho ya uwanjani. Nilitazama miguu yangu. Ngazi za Matera hazilingani. Moja fupi, moja ndefu, moja imeliwa katikati. Bibi alikuwa ananielekeza sikioni. Kushoto. Teremka. Pita kanisa. Si hili, lile dogo. Mara mbili tulipotea, na mara mbili nikapanda tena nilikoshuka, bila kusema kitu kwa sababu pumzi haikutosha.

Mlango ulikuwa kwenye ua mdogo wenye kisima kilichofungwa kwa kioo. Bibi aliujua kwa pete ya chuma ukutani, ambako baba yake alifunga nyumbu. Sasa palikuwa hoteli. Msichana wa mapokezi alikuwa na adabu. Alipoambiwa habari, alitufungulia chumba, kwa kuwa wageni walikuwa hawajafika.

Nilimfungua bibi, nikamketisha kwenye kiti. Lilikuwa pango kweli, dari la mwamba lililopinda, ila limepakwa chokaa, na taa zimefichwa sakafuni. Kitanda kilikuwa na mito mingi. Ndani kabisa, mahali penye giza, waliweka beseni la kuogea, jeupe, kubwa, limesimama peke yake.

Bibi alilitazama. "Hapo alikuwa anasimama nyumbu," alisema. Kisha akanyoosha mkono kwenye tundu dogo la ukutani, lililowekwa mishumaa. "Na hapo mdogo wangu alilala. Alikufa kwa homa. Mama alisema kulikuwa na unyevu mno."

Msichana alinitafsiria maneno mengine ambayo bibi aliyasema kwa lugha ya kwao: walikuwa watu tisa, maji yalitiririka ukutani majira ya baridi, na mama yake aliona haya mpaka kufa kwamba wanawe walizaliwa humo. Msichana alikuwa anafuta machozi. Akauliza kwa upole kama bibi angekubali kurekodiwa kidogo, wageni wangependa sana kusikia.

Bibi alifikiri. "Waambie kulikuwa na baridi," alisema. "Inatosha."

Kupanda ndiko kuliniua. Nilifika nusu, miguu ikaanza kutetemeka, nikakaa kwenye ngazi na bibi bado akiwa mgongoni, tukiwa tumegandana kwa jasho. Alikuwa anaongea. Anataka kesho turudi, anataka kuona makanisa ya mapangoni ng'ambo ya korongo, yale yenye watakatifu waliochorwa ukutani. Nami nikasikia sauti yangu inasema, kwa Kiswahili kwanza kisha kwa Kiingereza, kwamba sirudi tena huko chini, na kwamba yeye angalau ameoneshwa mlango wa mama yake.

Watu walitupita, wengine wakisema samahani. Miaka sita nilikuwa nimemwosha mwanamke huyu, nikajua kila kovu lake, na hakuwahi kuniuliza swali lolote la kwetu zaidi ya kama kuna joto.

"Wa mama yako ukoje?" aliuliza.

Nilimwambia. Mlango wa mbao uliopakwa rangi ya buluu, mteremko mkali, mvua ikinyesha tunaweka mawe nyuma ya ukuta ili udongo usiingie jikoni. Unaona ziwa ukiwa umesimama kwenye beseni la kufulia. Mama aliuza maharage. Nilimwambia kwamba aliyenipigia simu ya msiba alinionyesha mazishi kwa kamera, na mtandao ukakatika kabla ya udongo. Sikulia. Nilikuwa nimechoka mno kulia. Bibi aliegemeza shavu lake mgongoni mwangu, na hilo nililishukuru.

Mwishowe dereva, aliyekuwa akitusubiri juu uwanjani, alikuja na mwenzake wa mkahawani, wakamketisha kwenye kiti cha plastiki, wakampandisha juu kama kadinali. Siku iliyofuata hakuomba kwenda popote. Tulikaa uwanjani kwenye jua, yeye akila aiskrimu, mimi nimevua viatu.

Johannesburg walinipokea wakitaka picha. Niliwaonyesha ngome, kanisa, nyumba za vilemba, na kile chumba cha hoteli. Mama mmoja wa Burundi aliuliza nani mwenye akili analipa ili alale pangoni. Nikasema wengi. Binti yangu aliiona video yetu mtandaoni, watu wameandika maneno ya sifa chini yake kwa lugha sijui ngapi, na akaniuliza kwa nini nimekunja uso. Nilimwambia nilikuwa natafuta ngazi.

Miezi minne baadaye mwanawe alimhamisha bibi Cape Town, kwenye nyumba ya wazee. Nilimfungia nguo zake mimi mwenyewe. Sasa namtunza mzee mwingine, upande wa Kensington hukohuko Johannesburg, anayependa kriketi na asiyetaka kwenda popote, na hilo linanifaa, kwa sababu mgongo wangu wakati wa baridi haunyooki mpaka saa nne.

Jumapili nyingine bibi hunipigia. Kumbukumbu zake zimeanza kuchanganyika, Kiingereza kimemtoka karibu chote, na anaongea nami kwa lugha ya utotoni mwake, haraka haraka, kama mtu anayesimulia habari za sokoni. Mimi namjibu kwa Kiswahili. Namwambia kwamba binti yangu anamaliza shule, kwamba mvua imenyesha, kwamba nimepika maharage. Ananisikiliza mpaka mwisho. Kisha na yeye anaendelea.